Toli za polikaboneti kwenye sere: maji yanaingia wapi, na namna ya kuyafungia njia kabla ya mvua

Mwezi wa kumi hapa Buluo ni mwezi wa joto na vumbi. Mawingu yanajikusanya mchana, yanatisha watu, kiisha yanapita bila kutoa tone. Mwenye bustani anaangalia juu na kuhesabu siku, maana mvua ikishashika kweli mwezi wa kumi na moja itaendelea mpaka mwezi wa nne, na tundu lililoachwa wazi kwenye paa litakuwa linakunywa maji miezi yote hiyo. Hakuna fundi anayependa kupanda juu ya sere wakati kila kitu kinateleza.

Jina la Buluo wengi nje ya Likasi wanalijua kwa sababu ya gereza. Lakini kama sehemu nyingine za pembeni ya mji, watu wanaishi kwa kulima pia: lengalenga, matembele, shu, vitunguu, na tomati kwa yule mwenye moyo. Tomati wakati wa jua si shida sana, ikiwa maji ya kumwagilia yapo. Tomati wakati wa mvua njo vita. Majani yakilala usiku kucha na maji juu yake, baridi kidogo ikaongezeka, mildiu inaingia na kumaliza mstari mzima kwa siku chache. Ndiyo maana tomati inapanda bei sokoni masika, na ndiyo maana mji unategemea mizigo inayotoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mwezi wa nane 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa biashara, kila mama muuza mboga aliona wazi ni hatari gani kutegemea njia moja tu.

Hapo ndipo sere inapoingia kwenye hesabu. Sere nyingi zinafunikwa kwa plastiki nyepesi ya rola, kama zile za mashamba ya maua ya Naivasha kule Kenya. Plastiki hiyo ni rahisi kununua, ila baada ya miaka mitatu au minne jua linaimaliza na lazima ibadilishwe. Polikaboneti ni ghali zaidi, tena mbali zaidi, lakini ikifungwa vizuri inapita miaka kumi. Ikifungwa vibaya, miaka miwili inatosha: paneli inakuwa ya kijani kwa ndani, mwanga unapungua, tomati inanyooka na kuwa nyembamba kama inayotafuta dirisha. Mwenye sere anabaki na deni na paa ambalo hakuna mtu wa kulinunua.

Makala haya yanaeleza kwa nini jambo hilo linatokea na kinachoweza kufanywa, kwa vifaa vinavyopatikana Likasi.

Paneli yenyewe ni kitu gani

Polikaboneti ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Iligunduliwa mwaka 1953, karibu wakati mmoja katika nchi mbili: Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox wa General Electric huko Marekani, kila mmoja bila kujua kazi ya mwenzake. Haivunjiki kirahisi kama kioo. Mvua ya mawe inayopasua kioo mara nyingi inaiacha nzima.

Ile ya sere si ubao mzima mtupu. Ni kuta mbili nyembamba zilizounganishwa kwa vikuta vidogo vingi, hata ukiitazama upande wa kukatwa unaona matundu mengi yaliyopangwa mstari, kama mirija. Hewa iliyomo ndani ya mirija njo inayozuia baridi ya usiku na joto la mchana. Paneli ya unene wa milimita 10 ina uzito wa karibu kilo 1.7 tu kwa mita ya mraba, na inapitisha karibu asilimia 80 ya mwanga ikiwa mpya na safi.

Mirija hiyo ni faida, na ni ugonjwa vilevile. Vumbi likiingia, halitoki. Maji yakiingia, yanakaa. Vumbi na maji na mwanga vikikutana mahali pa joto, utando wa kijani unaota, na hapo kitambaa hakifiki. Nyigu nao wanapenda sana matundu hayo. Wanajenga ndani na kuyaziba kwa udongo.

Upande mmoja tu wa paneli, kwa aina nyingi zinazouzwa, ndio una ngozi nyembamba ya kukinga mionzi mikali ya jua. Unene wake hauzidi unene wa unywele. Upande huo unapaswa kutazama mbingu. Paneli mpya inakuja na karatasi ya plastiki yenye maandishi kuonyesha upande huo, na makosa mengi yanaanza siku ile fundi anapobandua karatasi zote mbili chini, upepo unazipeperusha, na hakuna anayekumbuka tena juu ni wapi. Paneli iliyogeuzwa itaanza kuwa ya njano na kukatika kama biskuti baada ya miaka michache. Njia rahisi: kabla ya kubandua, weka kipande cha skochi kwenye kona ya upande wa juu, kiondolewe mwisho wa kazi. Na karatasi ya juu ibanduliwe siku hiyohiyo ya kufunga, isiachwe «ili isichafuke». Jua la huku litaichoma ishikane na paneli, na kuitoa itakuwa kazi ya kucha na machozi.

Kufunga kabisa ni kosa

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi wazuri hawakubali mara ya kwanza. Mteja anasema maji yanaingia kwenye mirija. Fundi anachukua silikoni, anaziba matundu yote juu na chini, anasema: «Mama, sasa hata nzi haingii.» Baada ya masika moja mama anamwita tena: maji yamo ndani, mengi kuliko mwanzo.

Sababu ni kwamba polikaboneti yenyewe inapitisha mvuke kidogo kidogo. Hatuoni, lakini hewa yenye unyevu ndani ya sere, usiku na mchana, inapenya ukuta wa paneli na kuingia kwenye mirija. Paneli ikipoa usiku mvuke huo unageuka matone. Kama chini pamezibwa, matone hayana pa kutokea. Kazi ya fundi basi si kuzuia unyevu usiingie kabisa, maana hawezi. Kazi ni kuzuia mvua na vumbi visiingie, na kuacha njia ya jasho kutoka.

Kwa hiyo mirija lazima isimame kufuata mteremko wa paa, kutoka juu kwenda chini, kamwe isilale kufuata urefu wa nyumba. Halafu ncha mbili za paneli zinafungwa tofauti. Ncha ya juu inazibwa kabisa kwa skochi ya alumini, ile ngumu inayong'aa, isiyopitisha kitu. Ncha ya chini inafungwa kwa skochi yenye matundu madogo na kichujio, inayoruhusu hewa na maji kutoka lakini inazuia vumbi na wadudu. Juu ya skochi zote mbili inavalishwa reli ya alumini au ya polikaboneti yenye umbo la U, kulinda skochi isichubuke. Reli ya chini itobolewe matundu madogo ya milimita 3 hivi, kila baada ya nusu mita, la sivyo reli inageuka kuwa kikombe.

Skochi ya kichujio si rahisi kuipata dukani Likasi. Mara nyingi lazima iagizwe pamoja na paneli zenyewe, na ni vizuri kuidai siku ya kununua kuliko kuitafuta baadaye. Ikikosekana kabisa, wengine wanaweka kitambaa chembamba cha sintetiki, kama kile cha pazia la neti, wanakikunja juu ya ncha na kukibana kwa reli. Hiyo si kazi ya kiwandani na lazima ibadilishwe kila mwaka, lakini inazuia nyigu na sehemu kubwa ya vumbi. Kuacha wazi ni kubaya zaidi. Kuziba kwa silikoni ni kubaya kuliko kuacha wazi. Skochi ya kahawia ya kufungia makarton haina kazi hapa. Jua linaikausha kabla hata mvua ya kwanza haijafika.

Kabla ya skochi, mirija ipulizwe. Msumeno unaacha unga wa plastiki ndani, nao unga huo unashika maji. Kompresa ya kwado, yule anayejaza upepo kwenye magurudumu, inafaa kabisa, ila aifungulie kwanza dakika moja nje ili maji na mafuta yaliyomo kwenye bomba yatoke. Mafuta yakiingia kwenye mirija hayatoki tena.

Na paneli zinaposafirishwa kutoka Lubumbashi, kilomita kama 120, ncha zifungwe kabla ya kupakia. Zikifika zisiwekwe juani moja juu ya nyingine. Ziwekwe juu ya mbao, mbali na udongo, zifunikwe kwa prela nyeupe. Maji ya mvua yakiingia katikati ya paneli zilizobanana na jua likawaka juu, joto linazikunja.

Paneli inatembea

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba usiku huku inashuka sana. Saa saba mchana, paneli hiyohiyo juani ni ya kuunguza mkono. Polikaboneti inarefuka kwa joto kuliko chuma: karibu milimita 0.065 kwa kila mita kwa kila digrii moja. Paneli ya mita 6, kati ya alfajiri ya baridi na mchana wa jua, ikiwa tofauti ni digrii 40, inarefuka karibu sentimita moja na nusu. Kesho inarudi, kesho kutwa inarefuka tena.

Fundi aliyezoea malata anatoboa tundu la saizi ya vis na kukaza mpaka mwisho. Kwenye bati hilo ni sawa. Kwenye polikaboneti, paneli inataka kutembea na vis hairuhusu. Basi inafanya mambo mawili, inajikunja kama tumbo, au inapasuka kuanzia kwenye tundu. Ufa huo mwembamba hauonekani kutoka chini. Mvua ya kwanza njo inauonyesha.

Tundu litobolewe kubwa kuliko vis: kwa vis ya milimita 6, tundu la 9 au 10. Lisikaribie ukingo, angalau sentimita 4 kutoka pembeni. Chini ya kichwa cha vis iwekwe washa pana yenye mpira, na ikazwe mpaka mpira uguse na kubana kidogo, basi. Mpira ukianza kutoka nje pembeni kama ulimi, fundi amezidisha. Nafasi kati ya vis moja na nyingine ni karibu nusu mita. Kati ya paneli na paneli ibaki nafasi pia, kiasi cha milimita 3 kwa kila mita ya paneli.

Mpira wenyewe ni hadithi. Ule unaofaa unaitwa EPDM, mweusi, ndio uliotengenezwa kwa jua na mvua. Mipira laini ya PVC, ile ya rangirangi na inayonuka, ina mafuta ya kulainisha yanayotoka polepole na kuila polikaboneti. Vipande vya shambeleri ya gari, ambavyo kila mtu anavyo, vinasaidia masika moja au mbili. Kiisha vinakauka, vinapasuka, na maji yanafuata vis mpaka ndani. Ukivitumia, jua kwamba umejipa kazi ya kuvibadilisha.

Kuunganisha paneli mbili ni mahali pengine pa kuvujia. Malata yanalaliana, moja juu ya nyingine, na mawimbi yake yanashikana. Polikaboneti ya mirija ni bapa; ukiilalisha hivyo, maji yanavutwa kati ya paneli mbili na kupanda hata kinyume cha mteremko, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Inahitaji reli ya H, au vipande viwili vya alumini vyenye mpira vinavyobana paneli juu na chini. Na mteremko: angalau sentimita 9 kwa kila mita, bora 18. Paa lililolala sana linashika maji, vumbi na majani, na matone ya ndani badala ya kuteremka kwenye ukuta yanadondoka moja kwa moja juu ya tomati.

Silikoni kama mtu atahitaji mahali pa kugusana na ukuta wa matofali au kwenye kona, iwe ile ya nutre. Namna ya kuijua ni pua: silikoni inayonuka siki kali wakati inakauka si ya polikaboneti. Kwenye kenkayeri nyingi zote mbili zinakaa rafu moja na tofauti iko kwenye maandishi madogo ya nyuma ya tiubu. Muuzaji atasema «silikoni njo silikoni.» Hapana.

Jasho au mvua?

Kabla ya kulaumu paa, ni vizuri kujua maji yanatoka wapi. Ukiingia kwenye sere alfajiri siku ambayo mvua haikunyesha, na ukakuta matone kila mahali chini ya paneli, hilo ni jasho la ndani. Udongo na mimea vinatoa mvuke, paneli ni baridi, mvuke unaganda kuwa maji. Silikoni hapo haina la kufanya. Dawa ni hewa: kufungua matundu ya juu na milango mapema asubuhi, hata kama kuna baridi, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, ili udongo wa juu uwe umekauka kidogo usiku ukifika, kuelekeza maji kwenye shina, si kwenye majani, kutobananisha mimea. Sere isiyo na tundu juu, mwenye nayo anafuga mildiu kwa gharama yake mwenyewe. Wengi wamejikinga na mvua ya nje na kujitengenezea mvua ya ndani.

Kama maji yanaonekana baada ya mvua tu, mahali pamoja, yakiacha mstari chini ya vis au kwenye kiungo, hilo ni tundu. Kulipata kunahitaji watu wawili. Mmoja anabaki ndani. Mwingine nje na ndoo na kikombe, anamwaga maji polepole kuanzia chini ya paa, anangoja, kiisha anapanda nusu mita, anamwaga tena. Akianzia juu, maji yatapita kila mahali na hatajua ni wapi yalipoingia. Yule wa ndani akipaza sauti «iko nangia!», hapo panatiwa alama.

Kuna hali ya tatu: maji au ukungu ndani ya mirija yenyewe. Ukungu mwepesi wa asubuhi unaopotea saa nne si ugonjwa, paneli inapumua. Maji yaliyosimama chini ya mirija mchana kutwa ni dalili kwamba njia ya chini imeziba: matundu ya reli yamejaa udongo, au nyigu wamejenga.

Kupanda juu ya sere kufanye kwa madriye iliyolazwa juu ya mbao za paa. Mguu wa mtu katikati ya paneli utaipinda, na atakayeanguka ataangukia fito za tomati.

Kuosha, na vitu ambavyo havifai kugusa

Kuosha mara mbili kwa mwaka kunatosha kwa wengi: mwezi wa tisa au wa kumi, kuondoa vumbi la kiangazi ili mwanga urudi kabla ya mawingu ya masika, na mwezi wa tano mvua ikiisha. Aliye kando ya barabara ya vumbi ataosha zaidi.

Kwanza maji matupu, mengi, yabebe mchanga. Ukianza kusugua na vumbi juu yake umepiga msasa ile ngozi ya kukinga jua. Kiisha maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, eponji au kitambaa laini, kusuuza vizuri. Asubuhi au jioni, si saa ya jua kali, maana sabuni ikikauka inaacha madoa. Eneo la Likasi ni la mawe ya chokaa, na maji ya kisima yanaweza kuacha alama nyeupe; siki kidogo kwenye maji inaziondoa bila madhara. Polikaboneti inavumilia asidi nyepesi.

Kinachoiumiza ni kinyume cha asidi, na hapa njo makosa ya kwetu yanapokutana. Majivu ya makala, ambayo kila nyumba inasugulia sufuria, yana magadi: yanakwaruza na kuila paneli kwa pamoja. Saruji mbichi inafanya vilevile. Fundi akipiga lipu ukuta wa karibu, paneli zifunikwe, na tone likidondoka lioshwe palepale. Javeli kali, vivyo hivyo.

Na chokaa. Mji ulio jirani na machimbo ya Kakontwe haukosi chokaa, na mwezi wa kumi sere ikigeuka tanuru, wazo la kwanza la mtu ni kupaka paa jeupe ili kupunguza jua. Kwenye plastiki ya rola itakayotupwa baada ya miaka mitatu, labda. Kwenye polikaboneti chokaa ya ujenzi inakaa miezi, inalowa kwa umande kila usiku, na kila ikilowa inaila ngozi ya juu. Neti ya kivuli iliyotundikwa juu, bila kugusa paneli ikiwezekana, ni ghali kidogo siku ya kwanza na inarudisha gharama yake.

Petroli, asetoni na dilwa ya rangi zisiguse kabisa, hata kwa kuondoa gundi ya skochi. Nguzo za mti zinazopakwa mafuta ya vidanji dhidi ya mchwa zina shida yake: mafuta hayo, hasa yakichanganywa na petroli, yakigusa paneli iliyo na mkazo yanaweza kuipasua. Zipakwe sehemu inayoingia ardhini tu. Mbao za juu zinazobeba paneli zipakwe rangi nyeupe ya maji, iachwe ikauke kabisa, kwa sababu mbao au chuma cheusi kinapata joto kali juani na kuichoma paneli mahali vinapogusana.

Watu wa karibu na viwanda vya Shituru wanauliza kama moshi wa asidi unaharibu polikaboneti. Paneli yenyewe inastahimili kuliko wengi wanavyofikiri. Kinachoanza kuondoka ni chuma: vis zisizo na zinki nzuri, washa, waya za kufungia. Kutu inakula kichwa cha vis, mpira unalegea, maji yanaingia, na watu wanasema «polikaboneti imeoza» wakati kilichooza ni kitu kidogo kuliko kidole. Anayeishi upande huo aangalie vis zake kila mwaka, na akiweza anunue za inox.

Paneli iliyokwisha kuwa ya kijani

Inaweza kuokolewa kama ngozi ya nje bado nzuri. Kazi hii ni ya kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane. Paneli inashushwa, reli na skochi za ncha zote mbili zinatolewa, mabaki ya gundi yanalainishwa kwa maji ya moto kiasi na sabuni. Inasimamishwa wima ikiegemea ukuta, na maji ya bomba yanapitishwa kwenye kila mrija kutoka juu mpaka yatoke meupe. Utando ulioshika sana unaweza kulowekwa kwa maji yenye javeli kidogo sana kwa dakika chache, halafu maji safi mengi. Baadaye inaachwa kivulini ikisimama, siku mbili tatu, ikauke. Hewa kavu ya kiangazi inafanya kazi ambayo masika haiwezi. Kwado anapuliza mwisho. Skochi mpya, si ileile ya zamani. Kiisha inarudishwa, upande wa juu ukiwa juu.

Hesabu ifanywe kwanza, hata hivyo. Paneli ukiikunja kidogo kwenye kona na ikatoa mlio wa kukatika, au ikiwa imekuwa ya njano na uso umekwaruza kama vumbi haliwezi kutoka, kuiosha ni kupoteza siku. Vipande vyake vizuri vinakatwa na kuwekwa juu ya sanduku la miche, nusu mita kutoka ardhini, mahali ambapo mwanga kidogo unatosha na mvua kubwa njo adui. Miche ya tomati na ya shu inakaa hapo wiki nne hadi sita, na kipande kikivunjika hakuna paa litakalovuja.